Ukungu wa Mwendo katika Gemu Zinazotolewa Upya: Mchezaji Apewe Hiari

Ndani ya mipangilio ya gemu nyingi za leo, jirani na mwangaza wa skrini na ubora wa vivuli, kuna mstari mmoja ulioandikwa Motion Blur. Huo ndio unaoamua kama picha itavutika na kufifia kingo pale kamera inapogeuka kwa kasi, au kitu kinapopita mbio mbele ya macho. Tuuite ukungu wa mwendo. Katika gemu fulani mstari huo una swichi ya kuwasha na kuzima, katika nyingine una kitelezi cha kuongeza na kupunguza, na katika nyingine haupo kabisa, mchezaji hupokea alichopangiwa. Hapa nazungumzia kundi moja tu: gemu za zamani zinazosafishwa na kuuzwa upya kwa mashine mpya, yaani rimasta. Nimelichagua kundi hilo kwa sababu ndimo hoja ya kumnyima mchezaji hiari inamosikika yenye heshima zaidi, kwamba gemu ilitoka hivyo na kazi ya msanii isiguswe. Nashikilia kinyume chake. Rimasta inahitaji hiari hiyo hata kuliko gemu mpya, kwa kuwa inabadilisha mambo yaleyale yaliyoupa ukungu wa awali kazi ya kufanya.

Ukungu huu haukuanzia kwenye gemu. Kamera ya sinema hupiga picha 24 kwa sekunde, na kwa desturi shata huachwa wazi nusu ya muda wa kila picha, yaani sehemu moja ya 48 ya sekunde. Kitu kikisogea katika muda huo mfupi huacha alama ya safari yake ndani ya picha, na alama hizo ndizo zinazozifunga picha 24 zikaonekana mwendo mmoja. Mafundi waliotengeneza sinema kwa sanamu zinazosogezwa kidogo kidogo waliukosa ukungu huo wakauona umuhimu wake: kila picha ilitoka kali mno, na mnyama wao akaonekana anatembea kwa kushtukashtuka. Ndiyo maana katika filamu ya Dragonslayer ya mwaka 1981, Phil Tippett na wenzake wa Industrial Light & Magic walitumia mitambo iliyoongozwa na kompyuta kumsogeza joka wakati shata ikiwa wazi. Mwaka 1984 Robert Cook, Thomas Porter na Loren Carpenter wa Lucasfilm wakaeleza namna kompyuta inavyoweza kuukokotoa ukungu huo yenyewe. Tangu mwanzo, basi, ukungu ulikuwa na kazi yake mahususi, nayo ni kuziba pengo linaloachwa na picha zilizo chache kwa sekunde.

Gemu ziliurithi pamoja na pengo hilohilo. Mashine ya PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ndogo ya picha, megabaiti 4 tu, lakini yenye kasi kubwa ajabu ya kusoma na kuandika, gigabaiti 48 kwa sekunde. Kwa mashine ya namna hiyo, kuchukua fremu iliyopita na kuichanganya na fremu mpya ilikuwa kazi nyepesi. Grand Theft Auto III ya mwaka 2001 ilifanya hivyo, ikaacha mikia ya mwanga nyuma ya kila kitu kinachosogea. Shadow of the Colossus, iliyoongozwa na Fumito Ueda na kutoka mwaka 2005, ilikwenda mbali zaidi. Majitu 16, kila moja likiwa na manyoya na uzito wake, yaliielemea mashine mpaka fremu mara nyingi zikashuka chini ya 30 kwa sekunde, na ukungu uliotumiwa humo ulifanya kazi mbili kwa pamoja: uliufanya mkono wa jitu uonekane mzito unaposhuka, na ulificha upungufu wa fremu. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu katika mashine iliyobanwa kila upande, na ninausifu bila kusita. Tena ni vyema kukumbuka kwamba Grand Theft Auto III yenyewe iliweka hiari ya kuizima mikia hiyo kwenye menyu yake. Hiari hii, kwa hiyo, haikubuniwa na wachezaji wa leo wasioridhika.

Sasa tuangalie kinachotokea gemu ya namna hiyo inapotolewa upya. Fremu hupanda. Shadow of the Colossus ya mwaka 2018, iliyojengwa upya na Bluepoint, ilimpa mwenye PlayStation 4 Pro njia ya kucheza kwa fremu 60 kwa sekunde. Pengo lililozibwa na ukungu limejaa fremu halisi. Picha nayo hukua: skrini ya pikseli 640 kwa 448 ina pikseli 286,720, ile ya 4K ina 8,294,400, karibu mara 29. Mtu analipa ili aone mawe, nyasi na mishono ya nguo ambayo zamani haikuonekana, halafu kila anapogeuza kamera vyote vinafutwa. Kiraka kina maana pale penye tundu. Nguo ikishafumwa upya, kukishona palepale ni kuiharibu. Kuna pia jambo la kiufundi ambalo wanaodai uaminifu kwa asili mara nyingi hulisahau. Ukungu wa kuchanganya fremu huhesabiwa kwa fremu, hauhesabiwi kwa muda. Mkia unaohitaji fremu 4 kufifia huchukua kama milisekunde 133 pale fremu zinapokuwa 30 kwa sekunde, na milisekunde 67 tu zikiwa 60. Usipogusa hata namba moja ya programu ya zamani, bado umeubadilisha ukungu. Fundi wa rimasta analazimika kuamua upya urefu na nguvu yake, na uamuzi huo ni wake, si wa aliyeitengeneza gemu mwanzo.

Badiliko la tatu ni kioo chenyewe, nalo ndilo zito kuliko yote. Televisheni za chogo ziliwaka kwa mweko mfupi: nukta ya mwanga ilimulika sehemu ndogo tu ya muda wa fremu, kisha ikafifia kabla ya nyingine kuja. Televisheni bapa za leo hushikilia fremu nzima mpaka ifuatayo ifike. Jicho, kwa tabia yake, halisubiri. Linapofuata gari linalokatiza skrini linaendelea kuteleza wakati picha imesimama, na matokeo yake ni ukungu unaoumbwa ndani ya jicho lenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Kitu kinachovuka skrini ya upana wa pikseli 1,920 kwa sekunde 2 kinakwenda pikseli 960 kwa sekunde. Kwa fremu 60, jicho linalokifuata litakiona kimevutika kama pikseli 16. Kwa fremu 30, kama pikseli 32. Hiyo ni kabla programu ya gemu haijaongeza ukungu wake. Aliyecheza gemu ya mwaka 2001 kwenye televisheni ya chogo alipata ukungu wa aina moja. Anayecheza rimasta yake leo kwenye televisheni bapa anapata wa aina mbili, mmoja juu ya mwingine, na huo wa pili haupo katika mchoro wa msanii yeyote. Kwa hiyo anayesema ukungu wa lazima unamrudishia mchezaji gemu ya zamani anaahidi kitu ambacho kioo cha sebuleni hakiwezi kukitoa.

Jicho linatuonyesha pia tofauti kubwa kati ya sinema na gemu. Mwongozaji wa filamu anajua mtazamaji ataangalia wapi. Ndiye aliyepanga mwanga, fokasi na mwendo wa kamera ili kumpeleka huko. Katika gemu, mchezaji ndiye anayegeuza kamera kwa kijiti cha pedi, na mara nyingi anaigeuza kwa sababu anatafuta kitu: adui aliyejificha pembeni, mlango, ngazi, njia ya kutorokea. Katika maisha ya kawaida, jicho linapokifuata kitu kinachosogea, kitu hicho ndicho kinachoonekana wazi na mandhari ya nyuma ndiyo inayofifia. Programu ya gemu haijui jicho liko wapi, kwa hiyo hufifisha kwa kufuata kasi peke yake, na kila mara hupaka ukungu juu ya kile ambacho mchezaji alikuwa akijitahidi kukiona. Mmoja hatalijali hilo. Mwingine ataumwa macho baada ya nusu saa.

Na wengine huumwa zaidi ya macho. Maelezo yanayokubalika na wengi kuhusu ugonjwa wa mwendo, yaliyowekwa pamoja na James Reason na Joseph Brand katika kitabu chao cha mwaka 1975, ni kwamba mwili huchafuka pale hisi zinapopingana: macho yanasema tunakimbia, sikio la ndani linasema tumekaa. Gemu ni mgongano wa aina hiyo kwa saa nzima. Sidai kwamba ukungu wa mwendo peke yake ndio chanzo; kutikisika kwa kamera, upana wa pembe ya kuona, kusuasua kwa fremu na ukaribu wa mtu na skrini vyote vina mchango, na watu wanatofautiana sana. Tofauti hiyo ndiyo hoja yenyewe. Naughty Dog walipoitoa The Last of Us Part II mwaka 2020 wakiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye mahitaji mbalimbali, waliweka ukungu wa mwendo katika sehemu ya wanaosumbuliwa na kizunguzungu, pamoja na mtikisiko wa kamera. Microsoft nayo, katika miongozo yake ya ufikivu kwa watengenezaji wa gemu za Xbox, ina mwongozo mzima unaohusu mwendo na vitu vinavyovuruga macho. Kampuni zinazoishi kwa kuuza gemu zimekwisha kubali kwamba hili ni suala la nani ataweza kucheza, na si la ladha tu.

Je, wanaobaki nao wanafaidika nini? Mwaka 2013 Lavanya Sharan na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa gemu ya mashindano ya magari, Split/Second, aina ambayo ukungu unaaminika kuifaa kuliko zote kwa sababu ya mbio zake. Wachezaji waliweza kutambua ukungu ulipozidi au kupungua, lakini haukuboresha kwa kiasi cha maana namna walivyoifurahia gemu wala namna walivyoendesha. Ni utafiti mmoja wa gemu moja, na singependa mtu aubebeshe mzigo wa gemu zote. Unatosha, hata hivyo, kumnyima nguvu anayesema kwamba mchezaji akiuzima ukungu ameipoteza gemu.

Pingamizi la kwanza, la heshima kwa msanii, nalichukulia kwa uzito. Ueda alichagua kila kitu katika dunia ile ya ukiwa, na mtu hana haki ya kuivunjavunja kwa sababu tu ameinunua. Lakini hiari haiondoi chaguo la msanii. Rimasta inaweza kuwasha ukungu tangu mwanzo, kwa nguvu ile watengenezaji wanayoiamini, na atakayeicheza bila kufungua mipangilio ataipata hivyo. Tena rimasta zilizoheshimu asili kuliko nyingine ndizo zilizotoa hiari kubwa zaidi: Halo: Combat Evolved Anniversary ya mwaka 2011 ilimruhusu mchezaji kubonyeza kitufe kimoja katikati ya mapambano akarudi kwenye michoro ya mwaka 2001, kisha akarejea kwenye mipya. Hiari hiyo haikuidhalilisha gemu ile. Ninachokubali ni kwamba kuna ukungu wa hadithi, unaoonyesha kwamba mhusika amelewa, amejeruhiwa au anapoteza fahamu. Huo ni sehemu ya masimulizi, na ni halali ubaki hata swichi ikizimwa, mradi uwe mfupi. Kuuchanganya na ukungu wa kila mgeuko wa kamera ni uvivu wa kupanga menyu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wachezaji wenyewe: kwamba kwa fremu 30 ukungu unasaidia. Ni kweli, na wanaodai ufutwe kabisa katika kila gemu wanakosea. Rimasta nyingi bado hutoa njia mbili, moja yenye michoro mizito kwa fremu 30 na nyingine nyepesi kwa fremu 60. The Last of Us Remastered ya mwaka 2014 ilikuwa na hiari ya kufungia fremu kwenye 30 ili vivuli vipendeze. Anayechagua 30 ana sababu nzuri ya kutaka ukungu kiasi, hasa ule wa vitu, unaofifisha mkono unaorusha ngumi au gurudumu linalozunguka na kuiacha mandhari ilivyo. Hapo ndipo swichi moja ya kuwasha na kuzima inapokuwa finyu. Rimasta iliyofanywa vizuri hutenganisha ukungu wa kamera na ukungu wa vitu, na huweka kitelezi badala ya ndiyo na hapana. Nguvu inayofaa kwa fremu 30 haifai kwa 60. Basi mipangilio ibadilike mchezaji anapobadilisha njia.

Ama kuhusu gharama, sioni kizuizi cha kweli. Katika gemu nyingi za sasa ukungu ni hatua moja inayofanywa mwishoni, picha ikiwa imekwisha chorwa, kwa kutumia kumbukumbu ya kasi ya kila pikseli. Kuiruka hatua hiyo kunaipunguzia mashine kazi, na kwa fremu 60, ambapo kila fremu ina milisekunde kama 16.7 tu, unafuu wowote una thamani. Kazi ipo katika gemu kongwe ambazo ukungu wake umefumwa ndani ya namna picha inavyochorwa, na wajaribu lazima wapitie kila eneo kuhakikisha hakuna kinachovunjika. Lakini timu ya rimasta inalipitia kila eneo hata hivyo. Gemu ya Oblivion ya mwaka 2006, kwa mfano, iliporudi mwaka 2025 juu ya injini ya Unreal Engine 5, ilikuja na mstari wake wa ukungu wa mwendo kwenye mipangilio.

Kwako mchezaji, anza hivi. Kabla ya kuingia katika hadithi, amua kwanza njia ya fremu, kwa maana hiyo ndiyo itakayokuambia ukungu kiasi gani unafaa. Kisha msimamishe mhusika wako karibu na ukuta wenye maandishi, matofali au majani mengi, izungushe kamera mzunguko mzima kwa kasi unayotumia kawaida, na jaribu kulifuata jambo moja kwa macho. Fanya hivyo ukungu ukiwa umezimwa, ukiwa nusu, na ukiwa umejaa, halafu kimbia naye barabarani dakika chache katika kila hali. Kwa fremu 60 na kuendelea, ushauri wangu ni kuuzima ule wa kamera na kuuacha ule wa vitu ukiwa mdogo, kama umetenganishwa; usipotenganishwa, zima wote. Kwa fremu 30, punguza hadi pale mshtuko wa picha unapoanza kukukera, kisha ongeza kidogo. Ukipata kichefuchefu, usijilazimishe kuzoea: simama, zima ukungu na mtikisiko wa kamera, sogea nyuma, ongeza mwanga wa chumba. Kwenye kompyuta, gemu nyingi za Unreal zisizo na swichi hukubali kuandikiwa r.MotionBlurQuality=0 chini ya kichwa cha SystemSettings katika faili la Engine.ini. Tunza nakala ya faili la awali kabla ya kuligusa.

Usiilaumu gemu kwa kosa la televisheni, wala televisheni kwa kosa la gemu. Ukizima ukungu na bado ukaona vivuli vya mizimu nyuma ya mhusika, huenda vinatokana na mbinu ya kulainisha kingo inayochanganya fremu zilizopita, ambayo ina mstari wake tofauti; au ni kioo kinachochelewa kubadili rangi. Televisheni nyingi pia hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa utaratibu wa kubuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini, utaratibu ambao Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie waliwaomba watazamaji wauzime mwaka 2018 kwa ajili ya filamu. Kwa gemu ni mbaya zaidi, kwa kuwa unachelewesha mwitikio wa pedi. Washa hali ya gemu ya televisheni kabla ya hukumu yoyote. Wenye mabanda ya gemu, ambako vijana hukaa benchi la mbele karibu kabisa na kioo kikubwa na kupokezana pedi siku nzima, wafanye hivyo kwa kila televisheni na wauache ukungu umezimwa. Mteja anayeupenda atauwasha mwenyewe, lakini mtoto anayeona kizunguzungu hatajua kwamba kuna mstari wa kuuzima.

Na kabla hujalipia rimasta, itazame mipangilio yake katika video za watu walioinunua, kwenye mashine uliyo nayo wewe, kwa sababu toleo la kompyuta mara nyingine lina hiari ambazo toleo la konsoli limenyimwa. Ukikuta hiari ya kuzima ukungu haipo, waandikie watengenezaji. Watajie jina la gemu, mashine yako, njia ya fremu unayotumia, na mahali ambapo ukungu unakusumbua, kisha waombe vitu viwili bayana: kitelezi kinachofika sifuri, na ukungu wa kamera utenganishwe na ule wa vitu. Rimasta hupokea masasisho kwa miezi mingi baada ya kutoka, na ombi lenye maelezo kamili ndilo linaloweza kupangiwa kazi.